Kiti Kilikuwa Kikavu

Nyumba Na. 14, chumba cha juu,
Nyuma ya Kiwanda cha Vioo.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Hujambo, dada yangu? Shemeji naye hajambo? Mgongo wake uliokuwa ukimsumbua kila akiinama umepata nafuu? Na wanangu wawili wanaendeleaje na masomo, hasa yule mkorofi wangu aliyegoma kuvaa miwani? Mwambie mama yake mdogo naye siku hizi anavaa, na hakuna aliyemcheka. Sisi huku tu wazima. Baridi imeshaingia na mikono yangu imepasuka kwa sabuni za kazini, lakini chakula kinalika na usingizi unakuja.

Baba ni mzima pia. Neno hilo lisome mara mbili: mzima.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nyumba yetu hii, ukikohoa chumbani, aliye jikoni anakuambia pole. Na Baba kutwa yuko jikoni. Isitoshe, jambo lenyewe ni la aibu kwangu, na aibu naiweza vizuri zaidi kwa kalamu.

Mwezi wa tisa nilikupigia simu nikiwa nimejificha kwenye ngazi, nikakunong'oneza kwamba Baba ameanza kujikojolea. Ulilia, nami nikalia. Dada, haikuwa kweli. Sikukudanganya makusudi, nilianza kwa kujidanganya mwenyewe. Nivumilie nikueleze tangu mwanzo.

Tangu Mama atutoke na Baba aje kukaa nami, kila Jumanne na Ijumaa asubuhi humpeleka kwenye mazoezi ya goti, kisha mimi naenda kazini. Hukaa mbele, pembeni yangu, kofia mapajani. Gari langu unalijua kwa picha. Lingekuwa binti, lingeshaolewa na kuzaa.

Baridi ilipoanza tukawa tunawasha joto ndani ya gari. Jumanne moja Baba akashuka, nikaona soksi zake zimelowa, na pindo la suruali pia. Nikachungulia alipokuwa ameweka miguu: kapeti ilikuwa chapachapa. Baba akatazama pale, akanitazama mimi, akaondoka zake na fimbo. Nilifuta kwa magazeti, nikaenda kazini nimechelewa.

Ijumaa ikawa vilevile. Jumanne iliyofuata, vilevile.

Nawe unajua kazi yangu. Miaka sita sasa nafua mashuka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nikiona mzee na kitu kilicholowa, kichwa changu hakina njia ya pili, kinakwenda moja kwa moja kama punda aliyezoea kisima. Palikuwa na harufu pia, tamutamu hivi, kama sukari iliyokaribia kuungua. Nikajisemea, basi ni kisukari. Nikampeleka kwa daktari kwa kisingizio cha goti. Wakampima damu, wakampima na haja ndogo yenyewe. Daktari akasema sukari iko sawa, na kwamba hata yeye daktari angependa kuwa hivyo akifikia umri wa Baba. Badala ya kushukuru, nikarudi nyumbani nikisema moyoni kwamba daktari kakosea.

Hapo ndipo nilipokupigia.

Kilichonitesa ni kumwona Baba anavyojirekebisha kimyakimya. Alianza kuja na magazeti yake mwenyewe, anayakunja na kuyatandika chini kabla hajaingia garini, kana kwamba ni jambo la kawaida. Akaacha chai. Baba, dada! Mtu ambaye Mama alikuwa akisema damu yake ina majani ya chai. Kikombe kinapoa mezani, ukimuuliza anasema siku hizi haina ladha. Maji hagusi. Safari za kwenda kununua mboga akazikataa, eti nimtangulie tu, yeye ana usingizi. Ukweli nikauona, sikuusema. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima.

Halafu Ijumaa moja nikapigiwa simu kazini. Ameanguka kwenye mazoezi. Nilikimbia na aproni yangu ya kufulia. Nikamkuta kwenye benchi, midomo imepasuka kama ardhi ya kiangazi, mwalimu wa mazoezi amemshika mkono. Muuguzi aliyemtazama akaniambia mzee huyu hana ugonjwa wowote, ana kiu. Kiu tu, dada. Mtu mzima anakaribia kuzimia kwa kiu kwenye nyumba yenye mabomba mawili.

Siku hiyohiyo, wakati namrudisha, gari nalo likachemka. Moshi ukatoka mbele, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, nikasimama kando ya barabara na mzee aliyekauka pembeni yangu. Rejeta haikuwa na maji hata tone. Kumbe kwa wiki kadhaa maji yalikuwa yakipungua, nami najaza ya bomba tu, najiambia ni uzee.

Kuhusu mafundi, nikikuhadithia wote karatasi itaisha. Wa kwanza ni gereji kubwa ya barabarani, sakafu inang'aa kuliko sahani zangu. Kijana wa mapokezi hakufungua hata boneti. Akaliangalia gari kupitia dirishani, akasema gasketi ya injini imeungua, gari limekwisha, lakini wao wanaweza kunisaidia kulichukua kama chuma chakavu. Kunisaidia!

Wa pili alinipata kwa lugha. Niliposikia anaongea kama sisi, na kuniita dada, nililegea. Unajua ugeni ulivyo: ukisikia "pole na kazi" kwa lugha yako, hata mwizi unamkaribisha chai. Akamimina dawa fulani ya chupa kwenye rejeta, akaniapia itaziba kila tundu. Siku tano nikamsifu kwa kila mtu. Siku ya sita gari likachemka tena, na simu yake haikupokelewa.

Basi nikakaa nikafikiri. Nikaacha kuwauliza wenye magari mapya, maana wao mafundi wanawajua kwa majina tu. Yuko mama anayeleta mayai pale kazini kwangu, gari lake ni kuukuu kuliko langu, mlango mmoja bluu mwingine mwekundu, na sijawahi kuona amechelewa hata siku moja. Nikamuuliza nani hulishika hilo gari lako. Akanichorea njia nyuma ya risiti.

Gereji yenyewe iko uani nyuma ya duka la seremala. Hakuna kibao. Nikakuta mwanamke wa makamo, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, anakula chungwa. Baba nilikuwa naye, maana tulitoka kwenye mazoezi. Alipoona fundi ni mwanamke akaninong'oneza, "Sasa huyu ndiye fundi au mke wa fundi?" Namshukuru Mungu kwamba mwanamke yule haelewi Kiswahili.

Jambo la kwanza alilofanya hakugusa gari. Alinawa mikono, akaniuliza maswali. Linachemka likiwa linakwenda au limesimama? Vioo vinapata ukungu kwa ndani? Nikasema ndiyo, tena ukungu wa mafuta, nafuta mpaka mkono unachoka. Akachomoa kile kijiti cha oili, akanionyesha. Akasema ingekuwa gasketi ya injini imeungua kama ulivyoambiwa, oili hii ingegeuka rangi ya chai ya maziwa. Itazame, safi.

Kisha akafungua mlango wa upande wa Baba. Akapiga magoti, akainua yale magazeti, akaweka kiganja kwenye kapeti.

"Hapa panalowa tangu lini?"

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Nikamjibu kwamba chai ilimwagika.

Akanitazama juu ya miwani. "Chai ya kila wiki? Muulize mzee."

Baba lugha ya huku anaokota maneno mawili matatu, lakini alishaelewa. Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameegemea fimbo. Sikuuliza. Alisema mwenyewe, kwa Kiswahili, polepole, akitazama ukuta wa seremala.

"Mwambie ni mimi. Mwambie mzee hajiwezi tena, asihangaike na hapo, ashughulike na injini."

Ikabidi nitafsiri. Nimefua mashuka ya wazee wa watu miaka sita bila kukunja uso. Lakini sentensi ile niliisema huku natazama viatu vyangu.

Fundi hakucheka wala hakuona haya. Alipapasa kiti cha Baba, mbele, nyuma, katikati, mpaka kwenye mishono. Akaninyooshea mkono.

"Kiti ni kikavu. Mwulize mzee, ni maji gani hayo yanayotoka kwa mtu, yanaruka kiti, yanaanguka kwenye kapeti?"

Nikatafsiri. Baba akageuka.

Fundi akachukua kitambaa cheupe, akakikandamiza kwenye kapeti, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa na kijani, kidogo sana, kama maji yaliyosafishiwa brashi ya rangi. Akakinusa, akampa Baba anuse.

"Sasa mwulize na hili. Mkojo wake ni wa kijani?"

Baba alinusa, akasugua kile kitambaa kwa vidole. Nikaona uso wake unabadilika. Usisahau huyu ni mtu aliyefanya kazi idara ya maji miaka thelathini, akitafuta mabomba yanayovuja chini ya barabara kwa kusikiliza kwa sikio tu. Akasema, "Ni ya rejeta. Maji ya rejeta haya!" Akacheka. Alicheka mpaka seremala akachungulia kutoka dukani. Kisha, akiwa bado anacheka, machozi yakaanza kumtoka, akakaa kwenye tairi na kujifunika uso kwa kofia. Nikampigia magoti palepale kwenye oili, nikamshika miguu yake iliyolowa. Fundi alitugeuzia mgongo akaendelea kumenya chungwa mpaka tulipomaliza. Wema ule sitausahau.

Kumbe ndani ya gari, nyuma ya pale mbele ya miguu ya abiria, kuna kirejeta kidogo cha kuleta joto. Hicho ndicho kilichotoboka. Tukiwasha joto, ndivyo kinavyomwaga. Na ule ukijani na ile harufu tamutamu ni vya dawa ya kupozea injini, iliyobaki kidogo ndani ya maji yangu ya bomba. Na ile dawa ya chupa ilikuwa imekiziba nusu na kuzidi kukiharibu. Fundi akasema kipya ni ghali bure; atatafuta kizima kwenye magari yaliyokufa, na kwa sasa atayafungia maji njia yasipite huko. Tutasafiri bila joto, lakini salama. Alifanya kazi kwa muda wa saa mbili, Baba akimshikia taa na kumwelekeza kwa ishara mpira upi ukazwe zaidi. Hawaelewani neno, na walibishana muda wote. Baadaye fundi akafungua chupa yake ya chai, akammiminia. Baba akanywa, akarudisha kikombe kiongezwe, akanywa tena.

Njiani tulijifunika blanketi moja.

"Ulidhani ni mimi," Baba akasema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Tukavuka daraja. "Hata mimi nilidhani ni mimi. Nikijikagua, suruali kavu. Nikitazama chini, maji. Nikaamini maji, sikujiamini mwenyewe."

Sasa ni wiki ya tatu. Kirejeta kimepatikana na kimefungwa, kapeti imekauka, joto linafanya kazi. Baba ameanza kunitembeza: Jumamosi lazima twende kwa Daktari, ndivyo anavyomwita yule fundi, eti akasikilize injini. Siku hizi anabeba na machungwa.

Nina maombi mawili. La kwanza ni Shangazi. Najua ulimwambia yeye peke yake, na najua Shangazi akiambiwa siri ni sawa na kuipeleka redioni. Tafadhali nenda kwake mwenyewe, usimpigie. Mweleze yote, la kirejeta na la kiti, na umwombe atangaze hili kwa nguvu ileile aliyotangazia lile. Lawama niangushie mimi, nastahili.

Nisalimie Shemeji, Shangazi pamoja na mdomo wake, Mjomba Mfupi na watoto wote. Jirani yako mshonaji mwambie gauni lake bado linanikaa, mradi nisile.

La pili ni hili. Baba ana hamu ya kuja huko mwezi wa kwanza, akae na nyinyi miezi miwili na kusafisha kaburi la Mama. Hatumrudishi kama tulivyowahi kupanga mimi na wewe kwenye simu. Anakuja kwa hamu yake, na tiketi amechagua siku mwenyewe. Ulishaniambia umenunua mpira wa kutandika juu ya godoro lake. Uondoe, dada yangu. Uondoe kabla hajafika, umtandikie lile shuka jeupe la Mama.

Mungu awalinde, awape afya na usingizi mtulivu, atukutanishe tukiwa tunacheka.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitindamimba