Wifi Ipo, Wifi Yupo

Jumatatu, 3 Machi

Leo intaneti imenitia aibu. Niko katikati ya darasa, nawaonyesha wanafunzi wangu wa mtandaoni namna ya kukata kola, mkasi uko hewani — picha ikaganda! Mmoja akaniambia baadaye alidhani nimeshikwa na kichaa. Nimezima ruta, nimewasha, nimezima. Wapi!

Wifi yangu aliporudi kazini nikamlilia: wifi, wifi imekufa. Akajishika kifua, akajitupa kwenye kochi, macho kafumba. Utani huu ni mkongwe kuliko ndoa yangu, na bado ninacheka kama mjinga. Ndiye dada wa mume wangu, anakaa nasi tangu nijifungue mapacha, ambao sasa wako shule. Ni fundi simu, kwa hiyo wifi ya nyumba hii iko mikononi mwa wifi.

Kaikagua. Waya mzima, anasema. Ugonjwa ni DNS.

Jumanne, 4 Machi

Kanieleza hiyo DNS huku tunamenya vitunguu. Kila ukiandika jina la ukurasa, kuna mtu anaulizwa: huyu anakaa wapi? Sasa wa kampuni yetu ya intaneti ni mvivu. Anaulizwa, anajikuna, anajibu akijisikia. Lakini si lazima tumuulize yeye! Wapo wa nje, bure, wepesi, tena wana kichujio cha kuzuia machafu. Hapo masikio yakanisimama. Juzi mapacha walikosea herufi moja ya jina la katuni, wakatokewa na mambo ambayo hata mimi niligeuza uso.

Nikauliza hasara. Hakunificha: huyo wa nje atajua kila jina tunaloulizia humu ndani. Na kichujio kikizidisha ukali kitafunga hata wasio na kosa.

Nikasema, kumbe huyu wa sasa hajui tunachoulizia? Anajua vilevile, akasema. Umbea uko palepale wifi yangu, unachagua mmbea tu.

Mume wangu katoka zamu hospitalini, kasikiliza nusu. Yeye mradi mpira uonekane.

Alhamisi, 6 Machi

Tumehama! Wifi kaweka huduma ya nje kwenye ruta na kwenye simu zetu zote, na yake pia, ili mapacha wasiseme wanaonewa. Ilipofika kwenye neno la siri la kichujio, akanisukumia kompyuta na kunipa mgongo. Andika wewe, mimi nisione. Fundi hakai na funguo za mteja.

Mteja! Mimi! Nimeandika.

Darasa la jioni limeteleza kama siagi. Kola zote zimekatwa na hakuna aliyeganda. Nimefurahi mpaka nimemnunulia Wifi soksi.

Jumapili, 9 Machi

Haya, hasara zimeanza. Ukurasa wa kampuni yetu wa kuangalia bando haufunguki — yule wa zamani kanuna, anasema Wifi. Na ukurasa wangu wa vielelezo vya kushonea sidiria umefungwa, eti machafu! Sidiria! Nimeuruhusu mwenyewe kwa neno langu la siri, nikazima ruta na kuwasha kama nilivyofundishwa. Ukafunguka. Nimetembea sebuleni kifua mbele. Kuuliza si ujinga, na kujibiwa haraka ni raha.

Jumatano, 12 Machi

Wifi alikuwa jikoni anafuta sahani iliyokwisha kukauka. Anafuta tu. Nikamuuliza kulikoni.

Kuna ukurasa umefungwa, akasema. Upi? Akaongea na sahani. Ule... wa watu wazima wanaotafuta wenza.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

Kuna mwanamume. Fundi miwani, mgane, mji wa mbali. Wanaandikiana humohumo tangu mwaka jana, maana Wifi hampi mtu namba yake, anajua simu zinavyosema siri. Sasa kamuuliza kama yuko tayari kuhamia kwake. Swali limefika, kichujio kikafunga mlango kabla hajajibu. Usimwambie kaka kwanza, akaniomba.

Nikamwambia nitafungua kesho, leo nimechoka. Nimechoka na nini? Sijui.

Ijumaa, 14 Machi

Sijafungua. Nimemwambia nimesahau neno la siri. Akasema tu, sawa wifi, likikurudia. Akaenda zake kazini.

Sitaki aondoke. Basi, nimeliandika. Nani ataanguka kwenye kochi? Nitamenya vitunguu na nani, na kaka yake anayesikiliza nusu?

Nilikuwa nashona pindo, sindano ikanichoma na akili ikanifunguka papo hapo. Yule ni fundi simu! Hilo kufuli aliliweka mwenyewe. Simu yake angeibadilisha huku anapiga mswaki, nisijue chochote mpaka siku anafunga mizigo. Hakuja kuomba neno la siri. Alikuja kupiga hodi.

Na mimi nikajifanya sipo. Nimeona haya, nimelia kidogo juu ya kitambaa cha mteja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwita asubuhi hii. Nimemwambia neno limenirudia. Akaniangalia, akatabasamu upande mmoja. Anajua, huyu.

Nikamwambia pia: huyo fundi miwani mwambie aje hapa kwanza. Hatuwezi kumtoa mtu wetu hivihivi. Lazima tuulize, huyu anakaa wapi? Wifi akacheka mpaka akakaa sakafuni, na hapo ndipo alipo hadi sasa, karibu na ruta, huku mimi naandika.

Nimeuruhusu ukurasa. Nimezima, nimewasha. Taa zinapepesa. Nyekundu... kijani! Umefunguka. Swali lake bado lipo palepale. Wifi anaandika, anafuta, anaandika tena. Kafunika kioo kwa kiganja kama msichana wa shule. Nina huzuni na nina furaha, vyote pamoja.

Mume wangu anaita toka chumbani, mpira umemkatikia. Wifi ipo?

Yupo, nimemjibu.

Nini? Nauliza wifi ipo?

Yupo! Bado yupo.