Rimu Nilizompimia Binti Yangu kwa Futi ya Nguo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na unisamehe mwandiko maana mimi shule niliishia darasa la saba, ila kwenye cherehani sijifichi, ukiona sare ya shule imekaa mabegani bila kuvutika hapa mtaani kwetu ujue ni mkono wangu, na mtu akipita tu mlangoni kwangu kiuno chake nimeshakijua.

Nina binti mmoja, mwalimu wa hesabu, tena wa sekondari, na hesabu hizo usidhani alizitoa mbali, namba alijifunzia chini ya meza yangu ya kukatia, akiisoma futi yangu ya kitambaa kutoka moja hadi mia na hamsini kabla hata hajaanza shule. Huyu binti anashindana mbio za magari, zile za ridhaa ambazo hulipwi kitu, wanafunga barabara ya lami siku ya Jumapili wanakimbia mmoja mmoja wanapimwa kwa saa. Mimi sikutaka. Miaka miwili sikumuuliza hata ameshika nafasi ya ngapi, nilikuwa nasema mwanamke mzima amevaa kofia kama sufuria anatafuta nini. Halafu jirani akaniletea gazeti, nikaona picha yake ameshika kikombe, nikasema mbona huyu ni wangu, nikalia palepale dukani kwangu mbele ya wateja, nikasema basi nitampa kitu ajue mama yake yuko upande wake.

Nikamnunulia rimu nne. Mshauri, laiti ungeziona, zinang'aa hata wanja unaweza kupaka ukijitazamia humo. Na sikununua kijinga, kwanza nililinyemelea gari lake likiwa limeegeshwa, nikahesabu nati, ziko tano, nikapima kutoka nati hadi nati kwa futi yangu, nikaandika kiganjani, nikaenda dukani nikapima matundu ya rimu, yakalingana. Muuzaji mwenyewe alisema, "Mama, wewe fundi."

Binti alipoziona alipitisha kidole kwenye yale matundu, akasema, "Mama, umenipimia mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, kwa futi ileile. Akacheka huku macho yamelowa, akanikumbatia sana. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ananipitia na rimu zangu tunakwenda mazoezi ya kwaya, kilomita kama nane hivi, na uangalifu wa mtoto huyu sijapata kuuona kwa mtu, kila tukifika anashuka na spana anakaza nati za magurudumu yote manne, wanakwaya wanamtazama, nami nawaambia ndivyo wanavyofundishwa madereva wa mbio. Usukani unatetemeka kidogo, lakini anasema ni ubovu wa barabara.

Sasa Jumapili iliyopita nilikwenda kumtazama bila kumwambia. Nikapitia kwenye gereji ya fundi wake, nikakuta gari limepigwa jeki, rimu zangu zimelazwa pembeni zimefunikwa turubai, na zinafungwa zile za zamani, nyeusi, zimekwaruzika. Nikamsikia fundi akimuuliza, "Sasa mama yako utamwambia lini?" Naye akajibu, "Mwambie wewe, kama una ubavu." Wakacheka. Mimi nikarudi kinyumenyume, nikaenda zangu nyumbani. Kumbe hata ile nafasi ya pili ya mwezi uliopita, ambayo nimeitangazia kwaya nzima kwamba imeletwa na rimu zangu, aliipata na zile nyeusi.

Nimeumia, mshauri. Anaonea haya zawadi ya mama yake fundi nguo? Jumapili hii ndiyo fainali, nimealika wanakwaya kumi na wawili, nimewashonea na vitambaa vya shingoni rangi ya gari lake. Nimefikiria Ijumaa niende kwa fundi nizichukue zile nyeusi nizifiche uvunguni kwangu, ili akose pa kukimbilia, afunge zangu. Nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea? Au nimwambie tu kwamba nilimwona?

Mama wa Dereva

*

Mama wa Dereva,

Rimu nyeusi ziache ziliko. Usiziguse, usimtume mtu aziguse. Hilo tulimalize kwanza, ndipo tuongee.

Maumivu yako nayaelewa. Umejinyima, umetoa kwa moyo, halafu unakuta zawadi yako imefunikwa turubai kama kitu cha aibu. Ningekuwa mimi ningelia pia. Lakini barua yako nilimpelekea mzee mmoja aliyefunga magurudumu miaka thelathini. Alisoma akitabasamu mpaka alipofika kwenye ile spana ya kila Jumamosi. Akaiweka barua mezani. "Mwambie huyu mama asipande tena hilo gari," akasema.

Uangalifu unaousifu mbele ya wanakwaya, mama, ni woga. Gurudumu lililokaa sawasawa halihitaji kukazwa kila baada ya kilomita nane. Binti yako anakaza kwa sababu nati zinalegea, na usukani unatetemeka kwa sababu hiyohiyo. Barabara inasingiziwa.

Kosa liko wapi? Yapo magari ya nati tano ambayo matundu yake yanapishana na ya mengine kwa kitu kisichofika milimita mbili. Kwenye sketi huo ni unene wa mshono, unapiga pasi unasahau. Kwenye gurudumu, nati inaingia ikiwa imeinama, inauma upande mmoja, na kila mzunguko unaikunja bolti kidogo, hadi siku inakatika. Futi ya kitambaa haiwezi kuona tofauti hiyo, hata mkononi mwa fundi hodari. Tena yako imevutwa tangu mwanao akiwa chini ya meza. Ilaze leo kando ya rula ya chuma uone kama bado zinakubaliana.

Na matundu ya nati ni sehemu moja tu. Tundu kubwa la katikati uliliangalia? Linatakiwa likumbatie kitovu cha gurudumu bila kuchezacheza. Uliuliza kama rimu itazunguka bila kugusa breki, kama tairi halitakwaruza bodi gari likikata kona, kama rimu yenyewe inahimili uzito wa gari la mbio? Hukuuliza, na yule aliyekuita fundi alikuwa anauza. Kung'aa anaweza kukupa mtu yeyote mwenye rangi na kitambaa laini.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe una hofu na Jumapili. Jumapili mwanao yuko salama, anakimbia na magurudumu yanayomtosha. Hatari iko Jumamosi, mnapokwenda kwaya, na wewe umekaa kiti cha mbele. Mwalimu wa hesabu, aliyepitisha kidole kwenye yale matundu na kujua palepale, anaendesha gari bovu kwa makusudi kwa sababu hawezi kukwambia kwamba futi iliyomfundisha namba imekosea. Na wewe binti, kama unasoma hapa, sikusifu. Hiyo si heshima. Unambeba mama yako juu ya nati zilizolegea ili usimuudhi, mtu mzima na akili zako.

Mama, usingoje Jumamosi. Mpigie leo ukishamaliza kusoma, umwambie, "Nilikuona gereji, na nimejua kwa nini. Zifungue." Usianze na lawama, lawama zako ninazijua zina urefu wa barua nzima. Kisha mwende dukani pamoja mkazirudishe. Muuzaji akigoma, zikae ndani mpaka apatikane mwenye gari la vipimo vyake.

Ukitaka bado kumnunulia nyingine, mwache yeye atangulie na kitabu cha gari chenye vipimo vyote. Kabla ya kulipa, rimu moja ijaribiwe kwenye gari. Iingie bila kupigwa teke, nati zianze kwa vidole kabla ya spana, kisha izungushwe kwa mkono isikilizwe. Ikikwaruza mahali popote, mnaiacha, hata ikiwa inang'aa kama mwezi.

Kuhusu kuzificha zile nyeusi: mzee anasema kwenye mashindano kuna wakaguzi wanaolishika kila gurudumu. Wangemrudisha binti yako getini, mbele ya wanakwaya wako kumi na wawili na vitambaa vyao vya shingoni.

Hao wanakwaya waambie ukweli: nafasi ya pili aliipata kwa mikono yake, juu ya rimu zilizokwaruzika. Kwa mama anayependa kujisifu, hapo kuna sifa ya kutosha mwaka mzima.

Jambo la mwisho. Nimeirudia barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwona mwanao akikimbia, sikupaona. Siku uliyokwenda, uliishia gereji. Jumapili nenda mapema, kaa mbele, na usinyanyuke mpaka gari lake lisimame.