Natembea Tu

Jumatatu, 3 Oktoba 1910

Naandika Kiswahili makusudi. Natwarlal, tajiri wangu, akiona Kigujarati lazima akisome; Kiswahili anakisema tu, kukisoma hajui.

Leo wametangaza sokoni: sisi wageni, tuliozaliwa Unguja au Bara Hindi, marufuku kufanya kazi bila kibali cha boma. Asiye nacho arudi kwao. Kwetu! Nashona Morogoro hii tangu reli haijafika. Khatija, mke wangu, ni mzaliwa wa Bagamoyo, haimhusu. Mtoto wetu kazaliwa hapa hapa mjini mwezi uliopita, haimhusu. Mgeni nyumbani ni mimi peke yangu.

Jumatano, 5 Oktoba

Boma. Mpumbavu mimi!

Karani Stambuli kaniuliza kwa niaba ya Bwana Shauri, Mjerumani anayeamua mambo ya boma: unafanya nini hapa? Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo Unguja, nikajibu: natembea tu, bwana. Ndivyo tusemavyo! Mtu hajinadi mbele ya wakubwa. Unasema unatembea, wanakuuliza tena, ndipo unaeleza shughuli yako. Stambuli hakuuliza tena. Na mtu wa Tanga yule, anajua fika! Kamgeukia Mzungu, katamka neno moja la Kijerumani, likaandikwa. Nje nikaambiwa maana yake: mzururaji. Niondoke na treni ya Jumanne.

Na suruali ya kaki aliyovaa huyo Bwana Shauri nimeishona mimi. Kiuno nimempanulia mara mbili. Mzururaji!

Alhamisi, 6 Oktoba

Khatija anasema atanifuata. Na mtoto mwenye homa je? Nimekataa, tukagombana, kisha tukalia wote wawili. Naogopa. Wakishanitoa, hawanirudishi.

Ijumaa, 7 Oktoba

Stambuli kapita dukani. Anasema tajiri wako aje atamke kwamba wewe ni mfanyakazi wake, basi, kibali utapata. Nikamwangukia Natwarlal. Hakuacha hata kupima kitambaa. Haya, haya, Jumatatu, akasema. Nikamshukuru mara tatu, na kila mara nikajichukia zaidi.

Jumatatu, 10 Oktoba

Naandika kwenye baraza ya boma, kwa kalamu ya risasi.

Natwarlal kaja na kilemba kipya. Kaulizwa: huyu ni nani wako? Kaweka mkono kifuani.

"Huyu? Huyu ndugu yangu, bwana."

Ndugu! Miaka yote hii sijaruhusiwa kugusa kikombe cha maji dukani kwake, nisije nikakitia najisi, yeye Baniani, mimi Mwislamu. Leo undugu umetoka wapi? Huenda kaona haya kuniita mtumishi mbele za watu — Kiswahili kimemponza kama kilivyoniponza mimi. Au huenda anamtaka mpwa wake Vinubhai akae kwenye cherehani yangu. Namtazama usoni, sioni kitu.

Bwana Shauri kakunja uso. Ndugu halipwi mshahara, kwa hiyo sina kazi. Au si ndugu kweli? Nitaulizwa mwenyewe, akisharudi kutoka kula.

Nikikana, nimemfanya Natwarlal mwongo mbele ya serikali, na dukani kwake sishoni tena. Bila tajiri hakuna kibali. Nikikubali, ni treni kesho.

Sasa hivi Natwarlal kanisogelea.

"Kubali tu, Noorali. Tunza heshima yangu."

Heshima yake! Na mwanangu je?

Bwana Shauri karudi. Stambuli yuko mlangoni, anatuita — "Haya, ndugu wawili, ingieni."