Shilingi Mia Mbili na Arobaini za Bure

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na mlima Menengai umejifunika ukungu mpaka miguuni. Nimepata wateja wawili tu siku nzima. Mmoja alileta suruali ya kutiwa kiraka, mwingine alijikinga mvua barazani akajifanya anauliza bei. Saa kumi nilifunika cherehani nikarudi nyumbani Bondeni. Naandika sasa hivi kabla chakula hakijaiva, maana nikingoja kesho nitakuwa nimeshapanga maneno nionekane mtu mwema.

Mimi siamini watu. Nakiri hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nimepima viuno vya watu karibu miaka ishirini, na nimeona kwamba mtu akishaona futi tu anavuta tumbo ndani. Halafu ikaja hii Hali ya Hatari, mtu anaulizwa kipande hata akienda chooni, na jirani akikusalimu mara mbili kwa siku unaanza kujiuliza anapeleleza nini. Kwa hiyo mtu akinipa kitu cha bure, mkono wangu mmoja unapokea na mwingine unashika mfuko.

Wiki hii nimepewa shilingi mia mbili na arobaini za bure.

Kisa ni cha deni. Mwaka jana mzungu mmoja wa Molo aliniagiza makoti sitini ya kaki, yenye bitana, ya wafanyakazi wake, kwa sababu baridi ya kule haina mchezo. Sikuwa na kitambaa. Nikachukua majora kwa mkopo kwa Bwana Jivraj, mwenye duka ninaloshonea barazani. Nilishona mpaka vidole vikawa na sugu. Makoti thelathini yalipanda lori la viazi likirudi Molo, yakalipwa nusu. Kabla ya yale mengine kwenda, mzungu akauza shamba akarudi kwao Ulaya. Aliyenunua shamba akasema yeye hajui habari za makoti. Nimeyauza moja moja kwa hasara, na deni limebaki shilingi mia sita na arobaini. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi hata hiyo harusi sikuiona, niliona bitana tu.

Na si deni peke yake linalonikosesha raha. Pale barazani ndipo chakula chetu kinapotoka. Mtu hununua kitambaa ndani, akitoka ananikuta mlangoni. Bwana Jivraj akisema neno moja tu nitajitwika cherehani kichwani nirudi kwetu Maragoli, nikawashonee kuku.

Basi Jumanne aliniita ndani. Akanipa kiti. Akaagiza chai, ikaletwa kwa kikombe cha kaure chenye kisahani. Miaka tisa nimekunywa chai ya duka lile kwa kikombe cha bati, nikiwa nimesimama. Nilipoona kisahani nikakaa ukingoni mwa kiti.

Akasema, "Fundi, hii deni yako mia sita na arobaini mimi nakata. Wewe lipa mia nne, maneno iishe. Lakini Jumatatu twende kwa DC, uweke sahihi mbele yake."

Nilimshukuru, nikamaliza chai, nikarudi kwenye cherehani yangu na kushona mkono wa kushoto mahali pa wa kulia. Ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Mfanyabiashara hapunguzi hata senti tano ya kiberiti bila wewe kumlilia, sasa huyu anapunguza mia mbili na arobaini bila kuombwa? Na karatasi yangu ya deni anayo tayari, yenye stempu na sahihi yangu. Ya DC ni ya nini?

Nilimweleza mke wangu Rebeka. Akasema nimshukuru Mungu nikubali. Rebeka huwa anamshukuru Mungu kwanza, mambo mengine baadaye.

Jumatano nikaenda kwa Zakayo, yule karani mwenye mashine ya kupiga chapa, anayeandikia watu barua nje ya ua wa ofisi ya DC. Nilimpa shilingi mbili. Akaisikiliza habari yangu huku akitabasamu, nikajua kuna kitu. Akanieleza kwamba iko sheria: deni la Mwafrika kwa mwenye duka asiye Mwafrika, likishakuwa kubwa kama langu, haliendi kortini kama halikuandikwa mbele ya DC.

"Hiyo karatasi ya dukani haina meno," akasema. "Usitie sahihi, na usimlipe hata senti."

Kumbe! Mzee Jivraj alikuwa anataka kubadilisha deni lisilo na meno kwa deni lenye meno, na ananipa punguzo kama sukari ya kumezea dawa. Niliona raha, siwezi kudanganya. Nilinunua nusu ratili ya nyama. Nilitembea barabara nzima ya maduka kama mtu aliyerithi ng'ombe.

Raha haikufika jioni. Zakayo alikuja barazani kabla sijafunga, akapapasa kitambaa cha suti, akasema ndugu yake anaoa mwezi ujao na bila shaka nitamshonea kwa bei ya chini, si tumesaidiana. Nikaanza kujiuliza kama sheria hiyo ipo au ameitunga ili apate suti. Nikauliza mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa korti. Sheria ipo. Nilimshukuru, kisha nikaanza kumshuku yeye pia kwa kunijibu haraka.

Jana Ijumaa baada ya saa saba nikaingia dukani. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kama wakili. Nikamwambia Bwana Jivraj kwamba nimeshajua habari ya DC, kwamba karatasi yake haiwezi kunipeleka popote, na kwamba mimi si mjinga.

Nilitegemea ashtuke. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Najua, Fundi," akasema. "Nilijua ile siku ulibeba majora."

Nikamuuliza kwa nini basi alinipa.

"Miaka tisa unashona mlangoni kwangu. Hakuna mtu amekuja kulia."

Halafu akanieleza jambo lenyewe, taratibu, na mimi nikitazama mikono yake nione kama inacheza. Sikukuu yao ya taa inakaribia. Siku hiyo wao hufunga vitabu vya mwaka wakafungua vipya kwa sala, na yeye hataki kuhamisha deni bovu kwenda kitabu kipya. Tena kitabu hicho kipya hakitakuwa chake. Macho yamechoka, duka analishika mtoto wa ndugu yake kutoka Kampala. Huyo kijana hanijui. Atafungua kitabu, ataona mia sita na arobaini isiyodaiwa popote, ataniambia niondoke barazani. Lakini akikuta mia nne yenye mhuri wa DC, inayolipwa kidogo kidogo, ataniacha nishone ili nipate kumlipa.

Je, ni kweli? Mpaka sasa sijui. Inawezekana mzee ananihurumia, na inawezekana ananiimbia wimbo wa kumlaza mtoto. Mwanadamu mmoja anaweza kufanya yote mawili kwa siku moja. Ninachojua ni kwamba huyo mpwa nimemwona kwa macho yangu wiki jana, akipima baraza kwa hatua, kutoka nguzo hadi nguzo. Mimi ni fundi, najua mtu anayepima ana jambo anataka kukata.

Nikatafakari. Nisipolipa, korti haitanigusa na baraza litaniponyoka. Nikitia sahihi kwa DC na mwezi mmoja ukaniendea vibaya, cherehani inachukuliwa. Nikamwambia nitalipa mia tatu, bila DC. Akacheka kidogo, akasema mia tatu na themanini. Tulivutana pale mpaka wateja wakaanza kutusikiliza. Tukakutana mia tatu na arobaini: mia moja kabla ya sikukuu yao, na ishirini kila mwezi kwa mwaka mmoja. Atamwandikia mpwa wake kwa mkono wake mwenyewe kwamba nisiguswe.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono tushikane. Yeye hakuutoa wake.

"Na mimi nitajua namna gani utalipa?" akauliza.

Wiki nzima nilikuwa namshuku yeye, na wala haikunipitia kichwani kwamba yeye naye ana haki ya kunishuku mimi. Akasema karatasi hataki tena, anataka mtu mmoja tu, aje asimame pale aseme, huyu atalipa. Hata mmoja.

Nikaanza kutafuta jina. Mzee wa kanisa? Mwaka jana nilimdai daftari la sadaka mbele ya washirika wote, na daftari likawa halina kosa. Dereva wa lori la viazi? Alinipelekea makoti Molo bila malipo, na aliporudi na pesa nilizihesabu kabla sijamwitikia salamu. Zakayo? Afadhali nidhaminiwe na paka. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau jina lake, na kwa kweli nilikuwa na aibu.

Bwana Jivraj akanionea huruma, au alikuwa ameshapanga. Akasema, "Lete Mama Daudi."

Mama Daudi ni huyo Rebeka wangu. Nikauliza kwa nini yeye. Akaniambia kwamba mwezi wa nne alikosea chenji, akampa Rebeka shilingi kumi zaidi, na Rebeka akatoka huku Bondeni akazirudisha, mvua ikimnyeshea. Shilingi kumi! Mimi sikuwahi kuambiwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikuwaza wema wake, niliwaza kwa nini alinificha.

Nilimuuliza jana hiyo hiyo. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha. Akasema hakuniambia kwa sababu ningemuuliza Bwana Jivraj ana nia gani kumpa mke wangu shilingi kumi. Na ndivyo ningeuliza, kwa maneno hayo hayo.

Kisha nikamwomba aje Jumatatu anisemee. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi.

"Nitakusemea, Baba Daudi. Lakini nikisema utalipa, pesa ya deni nitaweka mimi na nitapeleka mimi. Nipe ufunguo."

Ufunguo ni wa bati la pesa, sanduku dogo lililo chini ya kitanda. Navaa shingoni kwa uzi, hata nikioga. Miaka kumi na moja ya ndoa Rebeka hajawahi kulifungua. Nikamwambia nitamhesabia mimi mia moja, asijisumbue. Akasema basi Bwana Jivraj atafute mwingine.

Nilikasirika. Nikaona kumbe hata huyu, kikulacho ki nguoni mwako, amengoja mpaka nibanwe ndipo anikabe. Leo mchana kutwa nimekaa na hasira hiyo kwenye cherehani, na kwa kuwa wateja walikuwa wawili tu nimepata nafasi ya kuichunguza vizuri. Haikuwa hasira. Ni woga.

Ndani ya bati kuna shilingi mia moja na kumi na nane. Na juu ya pesa kuna karatasi ambayo naandika kila kilichoingia, na mwezi wake. Rebeka anasoma vizuri kuliko mimi, alisoma misheni. Mwezi wa tano mamake alipofariki, aliniomba nauli twende sote pamoja na Daudi tukamzike. Nilimwambia hatuna kitu, makoti yametumaliza. Akakopa kwa wanawake wa kanisa, akaenda peke yake, akarudi baada ya mazishi, hakunilaumu hata siku moja. Karatasi inasema mwezi wa tano bati lilikuwa na shilingi tisini.

Nilikuwa nazitunza za deni. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini deni sikulilipa pia.

Nilipofika leo nilifikiria kuichoma hiyo karatasi kwanza. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Hata kiberiti nilikishika. Halafu nikafikiria Jumatatu, Rebeka akisimama mbele ya kaunta na kusema, huyu atalipa, naye hajui ni nani anayemsemea.

Nimekata uzi kwa mkasi wa kazi. Ufunguo nimemwekea mkononi, nimemwambia ndani kuna karatasi, asome yote. Hakuuliza ni karatasi gani. Amefuta mikono, ameingia chumbani, na mimi nimebaki hapa mezani na kalamu. Nimesikia bati likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Nimesikia likifunguka. Nimesikia sarafu zikiwekwa kando, polepole, moja juu ya nyingine.

Sasa sarafu zimenyamaza. Anasoma. Viazi vinaungua jikoni, na hakuna kati yetu anayeinuka.