Daftari la Usingizi la Yaya Bibiane

Yaya Bibiane, dada yangu mkubwa,

Jana nimemvunja Baba Mukubwa meno mawili. Usinigombeze. Alikuja kwetu Kamalondo, akamnyooshea kidole Mireille, mtoto wako: "Na huyu pia halale usiku! Alirithi ulozi ya mama yake." Sikumngoja amalize. Nilimtwanga ngumi, akaangukia masufuria, nikamkanyaga kifua mpaka majirani wakanivuta. Mkono umevimba, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Unakumbuka sklerozi, ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ilivyokunyima usingizi? Miguu inawaka moto, macho kwenye mabati mpaka kunakucha. Mwanasaikolojia wa hospitali hakukupa kidonge, alikupa sheria: mchana usilale, saa kumi na moja alfajiri amka, hata kama hukulala, usingizi ukikataa, toka kitandani ukakae. Aka! Tulicheka. Mgonjwa anafukuzwa kitandani? Wewe ukashika fimbo yako, ukawa unatoka kukaa uani, na asubuhi unaandika kwenye daftari umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi. Baada ya wiki kadhaa ukaniambia, "Mudogo yangu, kitanda siiogope tena." Ulikuwa umeanza kunenepa.

Mimi ndiye niliyelichukua daftari lile. Majirani walikuwa wananong'ona kwamba unazunguka usiku kula bantu, yaani kuroga watu. Nikafungua, nikakuta saa za usiku tupu: saa nane, saa tisa, saa kumi. Nikaingiwa na hofu, nikasahau sheria za hospitali. Ningekuuliza tu, ungenieleza. Nikampelekea Baba Mukubwa.

Akaja na watu wake wa maombi. Walikufunga kamba kwenye kitanda kile kile, wakakuchapa kwa waya wa umeme, eti ulozi utoke. Damu ilipita shuka ikafika sakafuni. Ulilia, "Mudogo, baambie daftari ni ya hospitali!" Mimi nilikuwa nimeshika mlango, mtu asiingie kukuokoa. Sikuufungua, Yaya. Siku ya tatu ukafa.

Mireille hajui. Anadhani mimi, mjomba wake, nilikuwa kazini siku zile. Tangu jana ananikanda mkono kwa maji ya chumvi, ananipikia bukari, ugali wetu, anawaambia majirani, "Yomba wangu alimutetea mama." Natamani ardhi inimeze.

Pumzika, Yaya. Hakuna wa kukufunga tena. Nakuahidi: leo, kabla hajaninawisha tule, nitamwambia nani alishika mlango. Akinipiga, sitakinga uso.

Mudogo yako