Giaboksi ya Marehemu

Jumanne, 8 Agosti 1967

Cephas alikuja leo. Kaka mkubwa – hakungoja hata chai ipoe. Anasema gari alilotuachia baba ni letu sote wawili, haliwezi kuozea kwangu Homa Bay kwa sababu nina mguu mmoja. Ana dereva tayari huko kwake Oyugis. Nikasema nitaliendesha mwenyewe. Akacheka! Klachi utakanyaga na nini, mkongojo? Basi tukakubaliana mbele ya Mama: Jumamosi ya wiki ijayo nikifika kwake, usukani mikononi mwangu, gari linabaki hapa. Nisipofika, analichukua.

Tangu jeki iteleze na mguu wa kushoto kukatwa, sijaumia kama nilivyoumia kwa kicheko kile.

Alhamisi, 10 Agosti

Migori, pamoja na Wangwe fundi. Yeye ndiye aliyeniambia kuna magari siku hizi hayana klachi kabisa – gia zinajibadilisha zenyewe. Otomatiki! Mguu wa kulia unatosha. Moja liko kwao karibu na mpaka, la 1964, ukoo mmoja na hili letu la 1956. Lilipinduka, mwenyewe akafia ndani. Mjane wake, Nyasuguta, alitutazama tukifungua boliti za giaboksi. Nilipotaka kumshukuru alinikatiza: ondoeni tu chuma hicho, nisikione tena, na usinishukuru. Hadi Rongo, juu ya lori la mahindi, tuliishikilia isibingirike.

Nyumbani, Mama langoni, mikono kiunoni. Aliyekufa kwa ajali hapitishwi langoni, na chuma kilichomuua hakipiti pia, wuoda, mwanangu! Kwanza wazee waje, ua utobolewe. Wazee wanakuja Jumamosi. Pamela alikimbilia jikoni kucheka. Mke wangu huyo, Mama Rael! Mimi nilibisha mpaka sauti ikakauka, lakini nani amewahi kumshinda Mama? Giaboksi imelala nje ya ua, imefunikwa majani ya migomba.

Jumamosi, 12 Agosti

Mvua tangu jana! Wazee walikuja, wakala, wakasema yao. Ua ukatobolewa upande wa ziwa, wanaume wanne wakaibeba giaboksi kwa heshima zote. Mama ameridhika.

Wangwe akafungua oili ya ndani. Ilitoka kama chai ya maziwa. Mzee, akasema, hii kitu imekunywa maji. Ndani kuna sahani za chuma zilizobandikwa kitu kama karatasi ngumu. Ikilowa, gundi huachia. Nikauliza itaachia lini. Hajui. Basi kama hajui, aoshe, aweke oili mpya, tuendelee. Sikumwambia Mama kwamba ni mvua ya huko nje ya ua. Nina hasira naye, na tena sina.

Jumatano, 16 Agosti

Haiingii! Ni pana kuliko ile ya zamani. Tumekata sakafu ya gari kwa patasi – maji tumeshayavulia nguo. Propela shafti nayo, chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma, ikawa ndefu. Fundi wa kuchomelea kule kwenye mashine ya miwa ameikata, akaiunga. Wangwe analaani kwa Kikuria, mimi nalaani kwa Kijaluo, tunaelewana vizuri sana.

Mchana alihitaji mtu wa kushika giaboksi kutoka chini. Nikaingia. Mara ya kwanza chini ya gari tangu siku ile ya jeki. Sikutoka mpaka boliti ya mwisho.

Ijumaa, 18 Agosti

Linatembea! Nilipowasha, mguu usiokuwepo ukakanyaga klachi isiyokuwepo. Haki ya Mungu niliuhisi, hadi vidole. Halafu gari likaondoka lenyewe, polepole. Pamela akapiga vigelegele, kuku wakatawanyika. Nililia. Nikasema ni moshi, Wangwe akasema ndiyo, moshi ni mwingi. Kesho Oyugis.

Jumamosi, 19 Agosti

Naandika juu ya usukani. Tuko kwenye mlima wa mwisho kabla ya Oyugis. Tulitoka baada ya uji – mimi, Pamela, Wangwe. Tambarare yote lilikwenda vizuri, nikawa naimba. Hapa mlimani likaanza kunguruma bila kusogea. Gia za mbele zote – hakuna! Wangwe anasema sahani zimeachia. Tumengoja ipoe. Wapi! Wanaokwenda sokoni wamejaa, kila mtu ni fundi. Na Cephas yule juu, amesimama mbele ya nyumba yake na dereva wake.

Wangwe anataka tutafute trekta ituvute. Pamela anasema twende kwa miguu tukamweleze, kaka ni kaka. Hapana! Nimechoka kuelezwa mimi ni nusu mtu. Tulisema usukani mikononi mwangu. Hakuna aliyesema gari litazame wapi.

Nimejaribu gia ya nyuma. Imeshika! Nimeliacha lishuke kidogo, nikaligeuza. Sasa mgongo wake unatazama Oyugis, tunapanda kinyumenyume. Shingo inaniuma tayari. Wangwe ametangulia kufukuza ng'ombe barabarani. Pamela amepiga magoti kiti cha nyuma, anachungulia kioo, ndiye macho yangu. Anasema Cephas anateremka mbio, anapunga mikono yote miwili – kutuzuia au kutuongoza, hajui.

Oili imeanza kunuka. Pamela anasema niache kuandika. Kulia kidogo, Baba Rael, anasema, kulia –