Kitambaa cha Mama Mkwe Juu ya Sola

Mpendwa Bi Raudha, shikamoo. Naomba uninasihi upesi, maana Jumamosi mume wangu anairudisha sola dukani, na mwenye kosa ni mimi.

Naishi Temeke na mume wangu Badru na mama yake, Bi Mwajabu, nina miezi minane tu tangu niolewe, na mama huyu, Mungu shahidi, ananipenda kuliko ninavyostahili, kipande cha samaki chenye mnofu ananiwekea mimi. Sasa kwa huu mgao wa umeme tunawasha vibatari, na moshi unamkohoza mama kila anapofungua juzuu yake baada ya isha, Badru akaona uchungu, akajinyima, akanunua sola, lile bamba la kioo la kuvuta jua, na betri yake na taa moja, akalifunga juu ya banda la jiko uani. Siku ya pili yake mama akalifumia kitambaa. Bi Raudha, si unajua mambo yetu, redio ina kitambaa chake, kochi lina chake, basi mama akaona kitu cha thamani vile hakiwezi kuachwa kipauke na jua hili la Januari, Badru akitoka tu alfajiri anapanda kigoda anakifunika, magharibi anakitoa kitambaa kisilowe umande, Badru akirudi haoni kitu.

Fundi wa dukani alieleza kabisa mbele yangu kwamba kile kioo kinakula jua, ila mama siku hiyo alikuwa msibani. Lakini aliponiuliza, "Mwanangu, si kimependeza?" nikajibu, "Kimependeza, mama." Akafurahi, akafuma cha pili, akakitia na bitana! Sasa taa inawaka kidogo inazimika, kibatari kimerudi na kikohozi kimerudi. Na maji nayo, bombani yanatoka mara moja kwa wiki, mama huyuhuyu ndiye aliyenifundisha kutawadha kwa kopo moja, na maji ya kusuuzia nguo tupigie deki, yakibaki tumwagilie mchicha, lakini kufua vitambaa vya sola anamaliza ndoo nzima kila Ijumaa kwa sababu ya vumbi. Mara mbili nimekitoa kwa siri akiwa sokoni, nikakirudisha mbio kama mwizi. Badru anasema, "Mie nimeuziwa feki, Jumamosi nawarudishia wenyewe dukani." Nikimwambia mama ataona mtoto wa juzi namfundisha, nikimwambia Badru nimemshitaki mama yake kwake, nifanyeje mwenzenu?

Hamisa, Temeke

Marahaba, mwanangu Hamisa. Nimecheka, halafu nimekukasirikia.

Nimecheka kwa sababu mama mkwe wa kuivalisha sola bitana simjui mwingine hapa mjini, na anayekupa mnofu wa samaki mshike kwa mikono miwili. Nimekasirika kwa sababu wewe unajua. Yeye anafunika kwa kutojua, wewe unanyamaza kwa kujua, halafu unaiita heshima. Heshima gani hiyo inayomwacha mama wa watu anavuta moshi mbele ya juzuu yake? Na huko kupandapanda kigoda kwa siri ukome. Siku akikufuma ndipo atakapodhani humpendi.

Usingoje Jumamosi. Kesho Badru akishatoka, kabla mama hajagusa kigoda, mpe chai, uanze na kosa lako: "Mama nisamehe, kuna kitu nilikuficha." Kisha mwambie kile kioo kinaanikwa. Ameanika makopa ya muhogo maisha yake yote. Muulize kama aliwahi kuyafunika blanketi yakakauka. Ataelewa hata hujamaliza, na huenda akakucheka wewe. Badru usimtangulize. Akirudi jioni, habari hiyo ampe mama mwenyewe.

Vitambaa visitupwe sandukuni, itamuuma. Chenye bitana kitandikeni juu ya mfuniko wa pipa la maji, kile kingine kiwe cha kubadilishia redio. Kioo chenyewe hakidai ndoo. Asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, chovyeni tambara kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, mlikamue, lipite mara moja tu. Na kazi hiyo usimnyang'anye mama, maana ndiye mtunzaji wa kitu cha mwanawe. Yeye afute, wewe umshikie kigoda.

Taa ikishatulia, usijisifu. Keti karibu naye afungue juzuu yake, usikilize. Akifika mwisho wa ukurasa bila kukohoa, mwambie tena kuwa kitambaa chake kimependeza pale kwenye pipa. Safari hii utakuwa unasema kweli.